Chombo cha kulishia ndege kwenye roshani ya ghorofa: tutumie nini, na tuwape nini?

Mama Wawili (Umoja)

Hamjambo nyote. Mtoto wangu wa Gredi ya Tatu ameagizwa na mwalimu wake atengeneze chombo cha kulishia ndege kwa kutumia vitu vilivyokwisha kutumika nyumbani, na mdogo wake, ambaye bado yuko chekechea, ameapa kwamba naye hatabaki nyuma. Sipingi kazi za aina hii. Tangu mtaala wa umilisi uanze nimezoea kutafuta vifuniko vya chupa na mabaki ya vitambaa saa tatu za usiku, na hii angalau ni kazi ambayo watoto wenyewe wanaisubiri kwa hamu.

Shida yangu ni kwamba maelekezo yote niliyoyapata yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za theluji. Wanasema uokote koni la msonobari, ulipake siagi ya karanga, ulibingirishe kwenye mbegu za alizeti, kisha ulitundike bustanini. Sisi hatuna bustani. Tunaishi ghorofa ya tatu, na tulicho nacho ni roshani nyembamba yenye vyuma, kamba ya nguo na madumu ya maji, kwa kuwa mfereji wetu hufunguliwa kwa zamu. Kati ya jengo letu na jengo la mbele umesimama mjakaranda mmoja, na ndege huwa wapo, ila siwajui kwa majina isipokuwa njiwa, kunguru na shomoro.

Ningependa kujua chombo gani kinafaa mahali kama hapa bila kuninunulisha vitu, na chakula gani cha sokoni kinaweza kuchukua nafasi ya hizo mbegu za kigeni. Tena ningependa kujua kama kuna hatari yoyote ya ugonjwa kwa watoto. Jambo la mwisho si dogo: msimamizi wa ploti yetu ni mtu mwema lakini hana subira na uchafu, na majirani wa ghorofa ya pili huanika nguo zao chini yetu kabisa.

Mwalimu wa Eastlands

Mama Wawili, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua chochote. Nafundisha watoto wa umri huo, na naweza kukuhakikishia kwamba mwalimu anayeagiza vitu vilivyotumika hatarajii kibanda cha mbao kilichopakwa rangi na fundi. Anataka kuona kazi ya mtoto, hata kama dirisha limekatwa upande. Kila muhula huletwa kazi maridadi mno ambazo mtoto hawezi kueleza zilivyoundwa, na mwenye alama nzuri hapo ni mzazi.

Chombo rahisi kuliko vyote ni pakiti ngumu ya maziwa, ile ya lita moja iliyoundwa kwa karatasi nene. Ikimalizwa tu, ioshwe kwa maji moto na sabuni, maana maziwa yakichacha ndani harufu haitoki kirahisi na sisimizi watafika kabla ya ndege. Mtoto achore dirisha moja katika kila upande kati ya pande mbili zinazotazamana, akiacha upana wa vidole vitatu kutoka chini ili pabaki kizingiti cha kuzuia mbegu zisimwagike. Kukata kwa wembe ni kazi yako. Kuchora, kupima kwa vidole na kutoboa matundu madogo ya kutolea maji sakafuni kwa ncha ya penseli ni kazi yake, na hayo matundu asiyasahau, kwa sababu mvua ya hapa mara nyingi huja ikisukumwa na upepo na chombo kisicho na matundu hugeuka bakuli la uji kufikia asubuhi. Chini ya kila dirisha apitishe kijiti chenye unene wa penseli, kitokeze nje kama urefu wa kidole, ili ndege apate pa kusimama. Juu apitishe kamba ya katani. Ukubwa wa dirisha una maana yake: likitosha ngumi ya mtoto, shomoro ataingiza kichwa na kifua bila taabu, lakini kunguru atabaki kuchungulia.

Kwa yule wa chekechea, mpe gunzi. Mahindi yakishapukuchuliwa, anikeni gunzi juani hadi likauke kabisa, kisha mchanganye siagi ya karanga isiyo na chumvi wala sukari na unga kidogo wa mahindi ili isinate mno, naye alipake mwenyewe kwa nyuma ya kijiko na kulibingirisha kwenye sahani ya mtama na wimbi. Kwa kazi hii gunzi hulishinda hata koni la msonobari, kwa sababu vishimo vilivyoachwa na punje hushika mbegu barabara. Atajipaka hadi kwenye viwiko, kwa hiyo tandikeni gazeti. Kama darasani au nyumbani kuna mtoto ambaye karanga humdhuru, tumieni ndizi mbivu iliyopondwa badala ya siagi, ila hiyo iondolewe jioni kwa kuwa huvuta nzi.

Kifuu cha nazi nacho ni kizuri na hakiharibiki kwa mvua, lakini kukitoboa kunahitaji msumari na nyundo, kwa hiyo mtoto atakuwa mtazamaji tu. Msipake rangi ya mafuta ndani ya chombo chochote. Akitaka kukipamba, atumie kalamu za nta upande wa nje.

Mzee wa Darubini (Ngara)

Mama Wawili, nimekuwa nikitazama ndege wa jiji hili tangu ujana wangu, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Maelekezo ya nchi za baridi yanaacha jambo moja ambalo kwao halina haja ya kuelezwa. Huko watu huwalisha ndege kwa sababu majira ya baridi huwaondoa wadudu, theluji hufunika mbegu na mchana hufupika, hata ndege mwenye uzito wa gramu chache akakosa muda wa kula chakula cha kumvusha usiku mrefu wa baridi kali. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, wadudu wapo kila mwezi, na mti ukimaliza kuzaa hapa mwingine unaanza kule. Ndege wa mjakaranda wako hawakutegemei, na ukiacha kuwapa chakula kesho hawatakufa. Kwa hiyo chombo chenu ni cha kuwaleta ndege karibu na macho ya watoto, na kwa kazi hiyo kijiko kimoja cha mbegu kila asubuhi kinatosha. Wengi hujaza chombo hadi juu kwa ukarimu, kisha mbegu za chini huota ukungu.

Kinachoadimika kweli ni maji. Januari na Februari, na tena kuelekea Septemba kabla ya mvua za vuli, mabwawa madogo hukauka, na sahani ya maji huwavuta hata ndege ambao hawagusi mbegu kamwe. Chukua kisahani cha udongo kinachowekwa chini ya chungu cha maua, kina chake kisizidi sentimita 5, na mtoto aweke jiwe katikati ili hata ndege mdogo aweze kusimama bila kuzama. Maji yabadilishwe kila siku na kisahani kisuguliwe, jambo ambalo litawazuia mbu wasizaliane humo. Kwa roshani kama yako mimi ningeanza na maji kabla ya mbegu. Najua mfereji ni wa zamu, lakini kikombe kimoja kwa siku hakikosekani.

Kuhusu chakula, mfundishe mtoto kutazama mdomo kwanza. Mdomo mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu: hao ni shomoro, kwera na wale ndege wadogo sana wa kahawia wenye kichwa cheusi na tumbo jeupe wanaokuja kwa kundi na kubanana kwenye tawi moja. Wape mtama, wimbi na mawele, ambavyo utavipata Nyamakima au kwa mama yeyote anayeuza nafaka kwa kupima kwa kikombe. Alizeti si lazima. Hua na njiwa watakuja kuokota zinazoanguka chini. Yule kwera wa kawaida wa bustani zetu, wa manjano, mwenye macho ya rangi hafifu na dume mwenye barakoa nyeusi, hajengi mjini kwa makundi makubwa kama jamaa zake wengine. Hukaa wawili wawili, kwa hiyo mkimwona mmoja mngojeeni mwenzake. Ana tabia ya kuchakura mbegu kwa mdomo akizitupa kushoto na kulia hadi apate aitakayo, na hapo ndipo ugomvi na jirani wa chini utakapoanzia.

Mdomo wa wastani usio mnene ni wa walaji matunda. Shore ndiye utakayemsikia kabla ya wote asubuhi: mwili wa kahawia, kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, na manjano chini ya mkia. Kata kipande cha papai au ndizi mbivu, kichomeke kwenye waya uliofungwa kwenye chuma cha roshani. Atamega vipande vidogo, avimeze vizima, kisha apanguse mdomo wake kwenye waya, upande huu halafu upande ule, kabla ya kurudi kwenye tunda. Ndege wengine wa matunda ni kuzumburu, wale wa kijivujivu na kahawia wenye mkia mrefu kuliko mwili na kishungi kichwani. Hawa huja wanne, watano, na mara nyingi huning'inia kwa miguu chini ya tunda badala ya kusimama juu yake. Watoto huwapenda kuliko wote, na wakulima wa matunda huwachukia vivyo hivyo.

Wa tatu ni chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayekunywa nekta ya maua. Wako wanaomtengenezea maji ya sukari, kijiko kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji yaliyochemshwa na kupoa. Asali isitumike kwa kuwa huchacha na kuota ukungu upesi, wala rangi ya chakula isitiwe, na maji hayo yamwagwe na chombo kioshwe kila siku wakati wa joto. Kusema kweli naona hii ni taabu kubwa kwa nyumba yenye watoto wawili. Panda mshubiri kwenye kopo kuukuu la rangi lililosafishwa, na ukitoa maua chozi atakuja mwenyewe bila wewe kuosha chochote.

Sasa vitu vya kuepuka. Parachichi, ambalo kwetu limejaa kila kibanda, ni sumu kwa ndege, kwa hiyo watoto wasidhani kwamba kila tunda linafaa. Mkate hujaza tumbo bila kumjenga ndege, na una chumvi. Karanga na mahindi yenye ukungu hata kidogo yatupwe mbali, kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2004, watu 125 walipofariki Ukambani na maeneo jirani baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo, na sumu inayoweza kumuua mtu mzima haimwachi ndege. Msifikirie kwamba nafaka isiyofaa kupikwa sasa ni chakula cha ndege. Nyama nayo isiwekwe kabisa. Mwewe wa Nairobi hunyakua chakula mikononi mwa watu viwanjani, nawe hutataka kumzoesha roshani yenye mtoto wa chekechea.

Jirani wa Msitu

Naomba kutofautiana kidogo na walionitangulia, ingawa nakubaliana na Mzee kuhusu maji.

Ninaishi pembeni mwa msitu wa Karura, na huku kwetu chombo cha kulishia ndege ni mwaliko kwa kima. Wakishajua kuna ndizi kwenye waya hawangoji tena ndizi ya kwenye waya, wanaingia jikoni kuitafuta yenyewe. Najua Umoja hakuna kima. Lakini panya wapo, na mbegu zinazobaki usiku kucha chini ya jengo ni karamu yao. Msimamizi wako wa ploti akilalamika kuhusu hilo atakuwa na haki.

Jambo la pili ni maradhi, na hapa nazungumzia ndege wenyewe. Mahali ambapo ndege wa aina nyingi wanakula kwenye sahani moja kila siku, mmoja mgonjwa anawaambukiza wengine kwa mate na kinyesi. Uingereza, ambako kulisha ndege ni desturi ya mamilioni ya watu, kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae, kinacholeta ugonjwa wa koo uliojulikana tangu zamani kwa njiwa, kilianza kuonekana mwaka 2005 kwa ndege wa kijani wa jamii ya chiriku, na tangu hapo idadi yao imeanguka vibaya sana. Vyombo vya kulishia na vya maji vilihusishwa na uenezi huo. Hapa mjini tuna njiwa wengi mno, na njiwa ndiye mbebaji mkuu wa kimelea hicho, kwa hiyo si jambo la kupuuza.

Sisemi mtoto asifanye kazi yake ya shule. Nasema chombo kioshwe kila wiki kwa sabuni, kisha kilowekwe dakika chache kwenye maji ya klorini, kisuuzwe na kukaushwa juani kabisa kabla ya kurudishwa. Kinyesi kisiachwe kukauka kwenye vyuma. Anayesafisha awe mtu mzima, alowanishe kinyesi kwanza ili vumbi lake lisivutwe puani, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapogusa chombo, hata kama hakuna uchafu unaoonekana. Mkimwona ndege amejifutua manyoya, amesinzia karibu na chakula na haogopi mtu, ondoeni chombo na maji kwa wiki kadhaa ili ndege watawanyike.

Pakiti ya maziwa ina faida moja ambayo Mwalimu hakuitaja: ikichafuka sana unaitupa na kutengeneza nyingine. Kibanda cha mbao kilichogharimu pesa hutakitupa hata kikinuka.

Fundi Randa (Kariobangi)

Mama Wawili, mimi nitasema machache kuhusu roshani tu. Pakiti inayoning'inia kwa kamba moja huzunguka kwa upepo na kumwaga kila kitu, na ghorofa ya tatu ina upepo kuliko mnavyodhani. Itundikeni kwa kamba mbili, moja kila ncha, au ifungwe kwa waya mwembamba kwenye chuma cha ukingo kwa upande wa ndani, si upande wa nje. Ikiwa ndani, maganda yataanguka kwenye sakafu yenu wala si kwenye nguo za jirani. Chini yake wekeni sinia kuukuu au kifuniko kipana cha sufuria, na mtoto akiondoe jioni kila siku na kumwaga maganda kwenye taka. Hapo panya hatapata kitu na msimamizi hatapata neno.

Kwa sisimizi, watu hupaka grisi kwenye kamba. Msifanye hivyo, kwa kuwa grisi ikishika manyoya ya ndege haitoki na anashindwa kuruka vizuri. Toboa kifuniko cha chupa katikati, pitisha waya wa kutundikia, ziba tundu kwa nta ya mshumaa, kisha jaza kifuniko maji. Sisimizi hawavuki.

Kama kuna kioo kikubwa cha dirisha kwenye roshani, chombo kiwe karibu nacho kabisa, chini ya mita moja, ili ndege akishtuka asipate nafasi ya kushika kasi kabla ya kukigonga. Pazia jeupe nyuma ya kioo husaidia pia.

Mama Wawili (Umoja)

Nawashukuru sana. Mzee, shikamoo, na asante kwa kututajia shore, kwa maana sauti hiyo tumeisikia miaka yote bila kumjua mwenyewe. Mwanangu mkubwa amemaliza pakiti, dirisha moja limepinda na tumeliacha hivyo hivyo. Mdogo alilipaka gunzi na ukuta kwa pamoja. Kisahani cha maji tumekiweka pembeni pa ukingo, na nimezungumza na msimamizi mapema nikamwonyesha sinia la maganda, naye amekubali kwa sharti kwamba akiona panya mmoja biashara imekwisha. Nimeona ni haki.

Sasa nina maswali mengine. Kwanza, ndege bado hawajagusa chakula. Wanatua kwenye kamba ya nguo, wanatazama, wanaondoka, na mdogo amekata tamaa kiasi cha kudai kwamba hawapendi mtama. Pili, rafiki yake wa jengo la pili amemfundisha kwamba ukiegemeza karai kwa kijiti chenye uzi unaweza kumnasa mmoja na kumfuga, na wazo hilo limewaingia wote wawili. Nimewakataza, lakini nimekosa sababu ya kuwapa isipokuwa ile ya "kwa sababu nimesema". Tatu, Desemba tunakwenda mashambani kwa wazazi. Je, nimwachie jirani mbegu awe anaweka?

Mzee wa Darubini (Ngara)

Marahaba, Mama. Kutazama na kuondoka ndiyo dalili nzuri. Ndege hujifunza kwa kumtazama ndege mwenzake, na kitu kipya chenye rangi nyeupe inayong'aa, kama ilivyo pakiti ya maziwa, hutiliwa shaka kwa siku nyingi. Punguzeni mng'ao kwa kufunga majani makavu au gunia kuukuu upande wa nje. Nyunyizeni mbegu chache wazi juu ya ukingo ambapo tayari wanatua, kisha kila siku mzisogeze karibu na chombo. Nguo zinazopepea huwafukuza, kwa hiyo siku za kufua msitarajie mgeni. Saa nzuri ni kuanzia macheo ya jua hadi saa tatu hivi za asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni, na watoto wakae nyuma ya pazia bila kunyoosha vidole. Shomoro watatangulia. Wakishaonekana wanakula bila kudhurika, wengine watafuata.

Kuhusu karai na uzi, sababu unazo mbili. Ya kwanza ni sheria: kukamata na kufuga ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na wakubwa hawasamehewi kwa kuwa mtoto ndiye aliyevuta uzi. Ya pili mtoto ataielewa haraka zaidi. Wakati wa mvua, wengi wa hao walaji mbegu huwa na makinda, na makinda hayali mtama. Wazazi huwapelekea viwavi na wadudu laini siku nzima, safari baada ya safari. Ukimnasa mmoja mchana, kuna kiota ambacho hakitapata chakula hadi jioni. Waambie wamfuatilie kwera mwenye jani au kiwavi mdomoni waone anaelekea tawi gani. Hiyo ni windo tosha.

Wapeni pia daftari. Mkubwa aandike tarehe, saa, rangi ya kichwa, umbo la mdomo na alichokula, na mdogo achore. Majina yatakuja baadaye, na mkishindwa kumtambua ndege, kuna matembezi ya kutazama ndege yanayoandaliwa na chama cha Nature Kenya kila Jumatano asubuhi, yakianzia Makumbusho ya Taifa. Shule zikifungwa wapelekeni mara moja na daftari lao. Wazee wa pale hawajawahi kumcheka mtoto aliyechora ndege mwenye miguu mitatu. Msisahau kwamba kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi tunapokea pia wageni kutoka Ulaya na Asia, na baadhi yao, hata wasipogusa mbegu zenu, wanaweza kutua kunywa maji.

Kuhusu Desemba, usimwachie jirani kazi hiyo. Siku mbili tatu kabla ya safari punguzeni mbegu, siku ya kuondoka ondoeni chombo, kitupeni kama kimechoka, osheni kisahani na kukifunika kichwa chini ili kisikusanye maji ya mvua na kuzalisha mbu. Mkirudi Januari kiangazi kitakuwa kinaanza, na hapo rudisheni maji kwanza. Huko mashambani mkapeleke daftari, kwa sababu kama ni upande wa Ukambani au Bonde la Ufa, kwezi wa buluu mwenye tumbo la rangi ya kutu anakuja hadi miguuni pa watu wanaokula nje, na hahitaji pakiti ya maziwa.

Mwalimu wa Eastlands

Naongeza dogo tu kwa ajili ya darasani. Mama Wawili, picha ya chombo haitoshi siku ya kuwasilisha kazi. Mwache mtoto aje na chombo chenyewe kilichotumika, kikiwa kimeoshwa, na ukurasa mmoja wa daftari. Akiulizwa kwa nini kijiti kipo hapo au kwa nini sakafu ina matundu, ajibu yeye, nawe usimsaidie.